"Mwalimu, sisi tunaishi kwenye bayomu gani?"

Suali: Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita huku Jambiani. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha bayomu za dunia: msitu wa mvua, savana, jangwa, taiga, tundra na nyenginezo. Nikabandika ramani ubaoni. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tunaishi kwenye bayomu gani?" Nikatazama ramani, Unguja haionekani. Nikasema msitu wa mvua, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Akachungulia dirishani, na nje ni mawe na vichaka. Hakusema kitu, lakini nilijua hakuridhika. Nimjibu nini? Na bayomu zenyewe ni ngapi khasa, maana kila kitabu kina idadi yake?

Jibu: Waalaykum salaam, Mwalimu. Kwanza mpe huyo mtoto hongera yake. Ameambiwa jambo na mtu mzima, akaenda kulipima dirishani. Miaka yote niliyotembea na utepe wa kupimia miti katika visiwa hivi, kazi ilikuwa hiyo hiyo.

La kumwambia kesho ni hili: tuko katika bayomu ya misitu yenye unyevu ya ukanda wa joto, upande wake wa pwani unaopata kiangazi, lakini Jambiani imekaa juu ya jiwe lisiloshika maji, ndiyo maana msitu wake umekuwa mfupi, mkavu na wenye miiba. Kwa hiyo wewe hukukosea sana, na yeye hakukosea hata kidogo. Sasa nikueleze wewe kwa urefu, ili akikuuliza la pili usibabaike.

Bayomu ni eneo kubwa la dunia, mara nyingi limevuka nchi nyingi, ambalo joto lake na mvua yake vinakwenda kwa mtindo mmoja, na kwa hivyo mimea yake ina maumbile yanayofanana hata pale isipokuwa ya ukoo mmoja. Hilo la ukoo ndilo linalosahauliwa darasani. Chukua mnyaa tunaozungushia ua, halafu chukua mpungate, ambao asili yake ni Marekani. Mnyaa ukiukata unatoa utomvu mweupe wa kuunguza macho, mpungate hautoi. Maua yao hayakaribiani. Hawa si ndugu wala jamaa. Lakini wote wawili wameachana na majani mapana, na shina lenyewe limekuwa kijani, limejaa maji, linafanya kazi ya jani. Ukavu wa Afrika na ukavu wa Marekani, kila mmoja kwa wakati wake, umedai umbo lile lile. Ukilielewa jambo hili umeelewa bayomu: hali ya hewa inatoa masharti, na mimea ya kila bara inayatimiza kwa njia zinazokaribiana.

Ndiyo maana Wladimir Köppen, mtaalamu wa Kijerumani aliyezaliwa Urusi, alipoanza kuigawa dunia kwa hali ya hewa mwishoni mwa karne ya 19, alichagua mipaka yake kwa kutazama mimea. Vipimajoto vilikuwa vichache, lakini miti imetapakaa kila pahala na inasomeka. Kwake yeye, ukanda wa joto ni pahala ambapo hata mwezi wa baridi kabisa wastani wake haushuki chini ya nyuzi 18. Sisi kwetu, hata kipupwe cha Julai kikituvalisha masweta asubuhi, hatufiki huko.

Sasa kosa la ramani ya ukutani. Inamfanya mtu adhani kuwa ukijua umbali wa pahala na ikweta umeshajua kila kitu. Umbali na ikweta unakupa joto. Mvua haukupi, wala haukwambii mvua hiyo imegawika vipi ndani ya mwaka. Mimi nikifika pahala popote pa ukanda wa joto nauliza mambo mawili tu: kiangazi chake kinakaa miezi mingapi, na ardhi yake inaweza kuyashika maji mpaka kiangazi kiishe? Mengine yote yanafuata nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na la kwanza. Unguja iko kiasi cha digrii 6 kusini ya ikweta, Pemba kiasi cha 5. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na mkanda wa mawingu unalifuata kwa nyuma. Ndiyo tukapata masika baada ya pito moja na vuli baada ya jengine. Kwa wastani Unguja inapata kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, Pemba karibu 1,900. Ni mvua nyingi. Lakini kati ya Juni na Septemba, kusi ikivuma, mawingu yanapita juu yetu yakiwa na kidogo cha kutoa. Kiangazi hicho ndicho kinachotutenga na msitu wa mvua wa kweli.

Waambie wanafunzi wakichukue kisiwa chetu wakibadilishe kwa fikra, kitu kimoja kimoja. Hii ni njia bora ya kufundisha bayomu kuliko kukariri orodha.

Ondoa kiangazi. Mvua inyeshe kila mwezi, hata mwezi mkavu kuliko yote usipungue milimita 60. Hapo umefika bonde la Kongo, bonde la Amazon, au visiwa vya Indonesia. Miti inapanda mita 30, 40 na zaidi, haina msimu wa kupukutisha majani yote, na majani mengi yana ncha ndefu ya kuchuruzishia maji. Jambo la kushangaza liko chini: udongo wa sehemu kubwa ya misitu hiyo ni masikini. Rutuba imo ndani ya miti yenyewe na kwenye majani yanayooza juu juu, na kabla haijazama, mizizi imeshainyonya. Ukikata ukachoma, unalima misimu miwili mitatu, kisha ardhi inakuchokea.

Na hapa tuna ushahidi wa kula. Mkarafuu wetu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Mdalasini ulitoka Sri Lanka. Mduriani na mshokishoki ni ya Asia ya kusini-mashariki. Yote imekubali Unguja magharibi na Pemba, kwa sababu imetoka kwenye joto na unyevu unaokaribiana na wetu, na kwenye udongo mzito wa upande huo haikuona ugeni mkubwa. Sasa mwambie mtoto aulize tufaha la dukani linatoka wapi. Mtufaha hauwezi kuzaa vizuri bila majira ya baridi ya kuulaza usingizi, na baridi hiyo hata kwa mbolea hutaipata. Hata mwani wanaoulima mama zao hapo pwani ni hivyo hivyo: mbegu iliyoanzishwa kilimo chake Paje na Jambiani mwaka 1989 ililetwa kutoka Ufilipino, bahari ya joto kama yetu.

Rudi kwenye kisiwa cha fikra. Safari hii refusha kiangazi mpaka miezi mitano, sita, saba. Miti inaanza kuachana, mwanga unafika chini, nyasi zinaingia. Hiyo ni savana, na karibu nusu ya bara la Afrika ni savana na misitu mikavu inayopakana nayo. Nakuomba sana usiwafundishe watoto kuwa savana ni msitu ulioshindwa. Ni mpango mwengine kabisa. Nyasi hukua kutokea chini, karibu na ardhi, kwa hivyo moto ukipita au nyumbu akila, kinachopotea ni ncha, na jani linasukumwa tena kutoka chini. Mche wa mti kichipukizi chake kiko juu, moto ukiubabua unaanza upya. Moto na meno ya wanyama ndivyo vinavyoiweka Serengeti wazi, pamoja na huo ukavu. Bara ya Tanzania ina pia miombo, mapori ya miti inayopukutika kiangazi, yaliyoenea kuanzia Tabora hadi Zambia na Angola. Wiki chache kabla ya mvua miti hiyo huchipua majani mekundu kama shaba, na mtu asiyejua hudhani nchi nzima inakufa.

Endelea kuirefusha, mpaka mvua ya mwaka mzima isifike milimita 250: jangwa. Hewa inayopanda ikweta ikitumwagia mvua hupaa juu, husafiri, kisha hushuka karibu na latitudo ya 30 kaskazini na kusini ikiwa imeshakamuliwa. Hewa inayoshuka haitoi mvua. Ndiyo maana Sahara, yenye kilomita za mraba milioni 9 hivi, na jangwa la Arabuni viko kwenye mkanda mmoja. Jangwa si lazima liwe la joto. Gobi huko Mongolia hufunikwa na theluji wakati wa baridi. Kigezo ni maji.

Hili la jangwa wazee wetu walilijua kwa biashara kabla ya skuli kulisomesha. Kaskazi ilileta majahazi yenye tende kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi iliyarudisha yamepakia boriti za mikoko kutoka Lamu, Rufiji na pwani zetu, kwa sababu huko hakukuwa na miti ya kuezekea. Nenda kwenye nyumba yoyote kongwe ya Mji Mkongwe uhesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba ni vyembamba, mita tatu au pungufu, kwa kuwa boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo. Bayomu moja ilikuwa inaiuzia nyengine kile isichonacho, na upana wa chumba cha kulala umebaki kuwa shahidi.

Bado hatujagusa baridi. Ondoa joto kidogo, acha mvua ya wastani: unapata misitu ya Ulaya, mashariki ya Marekani na mashariki ya China, inayopukutisha majani kabla ya baridi. Punguza mvua hapo hapo, unapata nyika za nyasi zisizo na miti, kama za Ukraine, katikati ya Marekani na pampas za Argentina, zenye udongo mweusi mzito ambao leo unailisha ngano sehemu kubwa ya dunia. Geuza mvua inyeshe wakati wa baridi na majira ya joto yawe makavu, ndiyo nchi za zaituni kandokando ya Bahari ya Mediterania, na ncha ya Afrika Kusini karibu na Cape Town, ambako pahala padogo pana aina za mimea zipatazo 9,000.

Sogea kaskazini zaidi, utaingia taiga, msitu wa misonobari unaozunguka Urusi, Skandinavia na Kanada. Ndio msitu mkubwa kuliko yote duniani, ingawa aina za miti yake ni chache mno ukilinganisha na Kongo. Umbo la mti kama pia iliyopinduliwa linaiangusha theluji isivunje matawi, na majani ya sindano hayapotezi maji wakati ardhi imeganda. Ukivuka hapo ni tundra, hakuna mti, ardhi ya chini haiyeyuki hata wakati wa joto, na mimea inatambaa ili upepo usiikate. Halafu barafu tupu. Antaktika, kwa uchache wa mvua na theluji yake, ni jangwa. Watoto hupenda kuambiwa hivyo.

Safari yote hiyo kutoka ikweta hadi nchani unaweza kuifanya kwa miguu Kilimanjaro kwa siku chache, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kiasi cha nyuzi 6. Msitu mnene, juu yake vichaka vya majani ya sindano, juu yake nyasi na mawe, kisha barafu penye mita 5,895.

Sasa turudi dirishani kwenu, kwenye suali langu la pili: ardhi inashika maji?

Fanya jaribio na watoto. Chukueni ndoo moja ya maji muimwage juu ya maweni nyuma ya skuli. Hesabuni. Kabla hamjafika ishirini maji hayapo, yameshaingia kwenye vitundu vya jiwe la matumbawe ya zamani na kushuka mapangoni. Jumamosi ukienda mji, mwaga ndoo nyengine kwenye kinamo, ule udongo mzito wa mabonde ya mpunga. Utakaa utakunywa chai, maji bado yanakutazama. Upande wa mashariki unapata mvua pungufu kuliko magharibi, hilo ni kweli. Lakini tofauti kubwa inafanywa na jiwe: mti wa Jambiani unanyeshewa kama wa nchi ya unyevu, halafu unaishi kama wa nchi kavu. Ndiyo maana miti yake ni mifupi, majani magumu kama ngozi, miiba mingi, na mkulima wa huko halimi tuta, anatafuta kijishimo chenye udongo kati ya mawe kwa ncha ya mtaimbo na kutia mbegu humo.

Ukipanda gari ya mji, angalia kinachotokea ukishapita Kitogani. Vichaka vya kimo cha mtu vinakwisha, na ghafla barabara inaingia kwenye kivuli cha Jozani. Mvua haikubadilika kwa dakika tano za safari. Jozani iko kwenye kiuno chembamba cha kisiwa, pahala palipobonyea, ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na juu; masika msitu unafurika, na kiangazi mizizi bado inakunywa. Ndiyo mitondoo, mikadi na michikichi imeweza kujenga msitu mrefu, na kima punju wetu, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja, wamepata kivuli cha kudumu. Kiangazi kipo Jozani kama kilivyopo Jambiani, ila miti haikisikii.

Pemba kuna mfano ninaoupenda kuliko huo. Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, sehemu kubwa ni msitu mrefu wa unyevu. Lakini tembea mpaka kwenye mchanga mweupe uliosafishwa na mvua hata hauna rutuba, na msitu unakatika. Unajikuta kwenye vichaka vya majani membamba kama sindano vinavyokufika kifuani, na ukivishika vinakwaruza mkono. Mara ya kwanza nilipoviona nilichutama nikakata kitawi nikakiweka kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa nimeshawaona jamaa zake wa karibu: wako Kilimanjaro, juu ya mpaka wa msitu, kwenye ubaridi. Huku wamekaa usawa wa bahari, kwenye joto. Kule wanavumilia baridi, huku wanavumilia njaa ya udongo, na umbo limekuwa lile lile.

Kwa hivyo ukimwambia mtoto "bayomu", mwambie pia ni rangi iliyopakwa kwa brashi pana. Ndani yake mna viraka, na kiraka kinaweza kutofautiana sana na rangi iliyokizunguka.

Kuhusu idadi: hakuna iliyo sahihi peke yake, kwa sababu maumbile hayakuchora mistari, watu ndio waliochora. Vitabu vya skuli hutaja tano hadi nane. Ramani ya mwaka 2001 ya wataalamu wa WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, iliigawa nchi kavu bayomu 14. Mtihani ukija, fuata kitabu chako. Lakini jambo litakalowafurahisha watoto ni kwamba katika ramani hiyo ya 2001, mkanda wetu wa pwani umeitwa kwa jina letu: mchanganyiko wa misitu ya pwani ya Zanzibar-Inhambane, ndani ya bayomu ile ile ya misitu yenye unyevu niliyokutajia mwanzo. Inhambane ni Msumbiji. Kisiwa kisichoonekana kwenye ramani ya ubaoni kimetoa jina la mkanda mzima.

Usisahau bahari, kwani kwa watoto wa Jambiani nusu ya dunia yao iko maji yakitoka. Huko pia wataalamu hugawa: mikoko kama ya Ghuba ya Chwaka, majani ya baharini, miamba ya matumbawe, bahari kuu, na vilindi visivyofikwa na mwanga. Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini kiasi cha robo ya aina za viumbe vya baharini wanaitegemea. Na jiwe mlilolimwagia maji lilikuwa mwamba kama huo, siku ambazo bahari ilikuwa juu yake.

Limebaki moja, na liko mlangoni kwenu. Bayomu huhama. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu za kaskazini, na bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, ulikuwa nchi kavu. Wa Pemba unazidi mita 500, kwa hivyo Pemba ilibaki kisiwa, na ndiyo maana ina popo wake na ndege wake wasiopatikana pengine. Unguja ilikuwa kilima cha pwani ya Afrika. Na ndani ya pango la Kuumbi, hapo hapo Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia hali majani ya vichaka vya maweni, anataka uwanda wa nyasi. Pale watoto wanapochezea mpira palishawahi kuwa na malisho ya savana, kisha bahari ikapanda, unyevu ukarudi, nyasi zikazidiwa.

Wapeleke wakalione hilo pango. Waingie mpaka ndani wakagusie ukuta, kisha watoke nje na kila mmoja aandike kwenye daftari alichokiona mlangoni na alichokiwaza ndani. Wazee wa kijiji wanalitunza na lina taratibu zake, kwa hivyo wape taarifa mapema, na uchukue tochi mbili, moja ya akiba.